Kufufua Peugeot 504 Hatua kwa Hatua, Bila Kulivunja Gari Lote kwa Pamoja

Magari mengi ya zamani yanayoanza kufufuliwa nyumbani hayafiki barabarani, na mara nyingi si kwa sababu ya pesa. Mwenye gari hufungua injini mwezi wa kwanza, akang'oa viti na milango mwezi wa pili, akapeleka bodi kwa fundi wa rangi mwezi wa tatu, na mwaka unapokwisha gari limekuwa vipande vilivyotapakaa katika nyumba tatu, na hakuna anayekumbuka kipi kilifungwa wapi. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi nyingine, anayepata Jumamosi na fedha kidogo kila mwezi, naye anataka gari lake lirudi barabarani baada ya miaka miwili au mitatu. Kanuni ninayoisisitiza ni moja: shughulikia mfumo mmoja kwa wakati, na kila mfumo unapokamilika gari liwe limesimama tena juu ya magurudumu yake, likiwa katika hali bora kuliko ulivyolikuta.

Kuchagua gari

Nimechukua Peugeot 504 kuwa mfano kwa sababu ni mojawapo ya magari ya zamani ambayo mkazi wa Nakuru, Njoro, Molo au Kisumu bado anaweza kulikuta limeegeshwa chini ya mti katika boma la mwalimu au mkulima aliyestaafu. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, baadaye likawa linaunganishwa Mombasa, na kwa miaka mingi lile la stesheni wagoni lilibeba abiria kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa na Nyanza. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 aina yake ya milango miwili yenye injini ya V6 ikashinda kwa mkono wa Jean-Pierre Nicolas. Historia hiyo ina faida ya vitendo, kwa kuwa ilizaa kizazi kizima cha mafundi wanaolijua gari hili kwa kuligusa tu. Wengi wao sasa ni wazee na wanaacha kazi mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo mtafute wako kabla hujanunua gari, umpeleke akalione, na umlipe kwa ushauri wake hata siku ambayo hatashika spana. Mzee wa namna hiyo ana thamani kuliko kabati zima la vifaa. Ukipenda Datsun 1200, Corolla ya zamani au Volkswagen ya kobe, mpangilio wa kazi ni huuhuu, ingawa vipimo vitatofautiana.

Unapolikagua gari, anza na bodi. Injini iliyokufa inafufuka, na giaboksi inapatikana kutoka kwa gari jingine, lakini 504 ya saluni haina fremu ya chuma iliyojitenga na bodi: bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Ingia chini na utazame vizingiti, yaani ile mihimili ya mabati iliyo chini ya milango, kisha sakafu kwenye miguu ya dereva, sakafu ya buti, trei ya betri, na mahali ambapo shokabzoba za mbele zimefungwa juu kwa bodi. Gonga kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Chuma kizima hulia, na chuma kilichooza hutoa sauti butu au hutoboka. Chukua pia sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa laini na uipitishe juu ya paneli, maana isiposhika, chini ya rangi pana fila nene, yaani ule udongo wa kusawazishia bodi, badala ya chuma. Gari lililoishi Mombasa likaguliwe kwa makini maradufu kwa sababu ya chumvi ya bahari, wakati gari lililokaa Nakuru au Gilgil maisha yake yote mara nyingi huwa na vumbi jingi lakini chuma kizuri.

Ukiona kutu imekula mahali shokabzoba zinapojishika, na vizingiti vya pande zote mbili vimetoboka, nunua gari hilo kwa ajili ya spea tu, kwa bei ya spea.

Karatasi kabla ya spana

Jambo hili hupuuzwa na huumiza kuliko kutu. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye logibuku, tarakimu kwa tarakimu, na ufanye hivyo pia kwa namba ya injini. Kisha fanya upekuzi wa kumbukumbu za gari kupitia huduma za mtandaoni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili ujue ni nani amesajiliwa kuwa mmiliki na kama gari limewekwa rehani. Magari ya namba za kabla ya mfululizo wa KAA yamepita mikononi mwa watu wengi, na si ajabu kukuta kwamba anayekuuzia hakuwahi kuhamishiwa umiliki.

Kuna hali moja ambayo hutokea sana katika maboma yetu: mmiliki aliyeandikwa ameshafariki, na mjane wake au mwanawe mkubwa ndiye anayeuza. Hata kama familia yote imekubali, umiliki hauhamishwi kwa maneno, bali ni lazima mahakama iwe imetoa na kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, na gari liwe limetajwa humo. Keti na mama mwenye boma, umweleze jambo hilo kwa heshima, na usianze kutumia shilingi hata moja kwenye gari kabla hati haijapatikana. Fahamu pia kwamba ukibadilisha rangi ya gari au ukaweka injini nyingine, mabadiliko hayo yanapaswa kuandikishwa, kwa hiyo tunza risiti ya injini unayonunua pamoja na karatasi za gari ilikotoka.

Mahali pa kufanyia kazi

Unahitaji paa na sakafu ngumu. Paa la mabati juu ya nguzo nne linatosha, lakini usilifunike gari moja kwa moja kwa karatasi ya nailoni, kwa sababu unyevu hunaswa chini yake na kutu huenda kasi zaidi kuliko gari likiachwa wazi. Kama sakafu ni ya udongo au maramu, tandika ubao mnene au bamba la chuma chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Gari lililoinuliwa lisimame juu ya stendi za jeki. Lisiegemezwe kwenye jeki yenyewe, wala juu ya matofali, wala juu ya mawe ya kujengea, hata kwa dakika tano za kufungua boliti moja. Jiwe la zege hubeba uzito mkubwa kisha hupasuka ghafla bila onyo. Hapa sina maneno laini: asiye na stendi asiingie chini ya gari.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Seti nzuri ya spana za milimita na soketi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), multimita, geji ya kupima kompresheni, vibamba vya kupimia nafasi ndogo, nyundo ya plastiki, brashi za waya na taa ya kuchomeka vitakufikisha mbali. Nunua daftari la jalada gumu na uandike kila unachofungua, kilikotoka na hali uliyokikuta nacho. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, wakati wa kufungua na baada ya kufungua. Boliti za kila sehemu ziingie kwenye kopo lake lenye maandishi. Panya wa maeneo ya mahindi na ngano kama Njoro hupenda kuingia chini ya boneti na kula waya, kwa hiyo usiweke magunia ya nafaka karibu na gari.

Kuiamsha injini iliyolala

Watu wengi hufunga betri mpya na kuzungusha stata siku hiyohiyo waliyoleta gari nyumbani. Injini iliyolala miaka kumi isiguswe kwa stata. Toa plagi zote nne, mimina kijiko kidogo cha oili katika kila silinda, acha usiku kucha, kisha izungushe kwa mkono, polepole, kwa spana kwenye nati ya mbele ya kranki. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugota, una bahati. Ikikataa, ongeza mafuta ya giaboksi ya otomatiki, subiri siku kadhaa, ujaribu tena kwa kutikisa mbele na nyuma. Nguvu ya bomba refu juu ya spana huvunja ringi, na ringi iliyovunjika hukwangua silinda.

Mwaga oili ya zamani na uitazame. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na injini hiyo haiwashwi mpaka ifunguliwe. Mwaga petroli ya zamani pia, ambayo kwa kawaida huwa inanuka kama vanishi, na ushushe tangi uone kama ndani pana kutu. Tangi linalovuja lisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea likiwa linanuka petroli, hata kama ni tupu. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka, na mafundi wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Ni afadhali kutafuta tangi jingine.

Kabla ya kuiwasha, shughulikia maji. Silinda hedi ya injini za petroli za 504 ni ya alumini, na alumini huliwa na maji matupu. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana madini mengi, floridi ikiwemo, nayo huacha ukoko ndani ya radieta. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri (yale safi ya kuongezea, si asidi), ukichanganya na kuleti, yaani dawa ya maji ya radieta, kama mtengenezaji wake alivyoelekeza. Badilisha mipira yote ya maji na mfuniko wa radieta. Mfuniko huo watu huuona kuwa kitu kidogo, lakini Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwa nyuzi zipatazo 94 badala ya 100, na mfuniko mzima ndio unaoyazuia. 504 nyingi zina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme maji yakipata joto, kwa hiyo hakikisha inashika kabla hujaliamini gari kwenye msongamano.

Injini ikishawaka na kupata joto la kawaida, pima kompresheni. Toa plagi zote, funga waya wa koili usitoe cheche, fungua kabureta mpaka mwisho, na uzungushe stata kwa betri yenye nguvu mpaka geji itulie. Vitabu vingi hutoa vipimo vya usawa wa bahari, ilhali hewa ya Nakuru ina shinikizo la karibu asilimia 80 tu ya ile ya pwani, na ya Kisumu, iliyo mita zipatazo 1,130, ni karibu asilimia 88. Injini nzima kabisa itasoma chini ya kitabu kwa kiasi hichohicho, na injini nyingi zimefunguliwa bure kwa kutolifahamu jambo hili. Kilicho muhimu zaidi ni ulinganifu. Silinda nne zikitofautiana kwa chini ya asilimia kumi hivi, iache injini ilivyo na uendelee na mambo mengine. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko kidogo cha oili ndani yake na upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, na isipopanda, tazama vali au gasketi ya hedi.

Kama ni lazima hedi itoke, kuna onyo mahususi kwa injini hii. Silinda zake ni mikono ya chuma iliyopachikwa ndani ya bloku, inayozungukwa na maji na kuzibwa chini kwa sili nyembamba. Hedi ikishatoka, mtu akizungusha kranki, mikono hiyo inaweza kuinuka na kuharibu sili, na maji yakaanza kuvuja ndani ya oili. Mikono hiyo ishikilie kwa boliti zenye washa pana mara tu hedi inapoondoka. Kabla ya kurudisha, pima jinsi kila mkono ulivyojitokeza juu ya uso wa bloku na ulinganishe na kitabu cha ukarabati. Hedi ipelekwe kwa karakana ya mashine ikakaguliwe kama imepinda, na isawazishwe kwa kiasi kidogo kinachohitajika tu. Faida ya mpangilio huu ni kwamba mikono na pistoni hubadilishwa bila kuchonga bloku, kwa hiyo bloku ya 504 yaweza kuishi maisha kadhaa.

Kabureta huoshwa kwa mafuta ya kuoshea na kupulizwa kwa hewa, na mashimo yake madogo hayachokorwi kwa waya, maana upana wake ndio kipimo chenyewe. Pointi za distributa ziwe na nafasi ya karibu milimita 0.4. Mpangilio wa cheche ni 1-3-4-2, lakini Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili, nyuma, na fundi aliyezoea magari ya Kijapani akifunga nyaya za plagi kwa mazoea yake, wakati mwingine hutafuta hitilafu kutwa nzima. Chora mchoro wa nyaya hizo kwenye daftari kabla ya kuzitoa.

Breki kabla ya mwendo

Baada ya injini kuwaka, hamu ya kulitoa gari nje ya lango huwa kubwa. Lisitoke. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, hasa mahali penye joto na unyevu kama Kisumu, na unyevu huo hutafuna silinda kuu, silinda za magurudumu na mabomba kutoka ndani, ambako huoni. Mipira ya breki, yaani mabomba laini yanayopitisha mafuta hadi kwenye magurudumu, huvimba ndani na kuacha tundu jembamba, breki ikashika na kukataa kuachia.

Badilisha mipira yote bila kuichagua, kwa kuwa bei yake haiwezi kulinganishwa na hatari yake. Silinda zifunguliwe zote, na zile zenye vishimo vya kutu kwenye kuta zitupwe badala ya kuwekewa mpira mpya. Mabomba ya chuma yaliyoshika kutu yabadilishwe kwa mabomba ya breki halisi, yasiwe ya shaba laini ya friji. Tumia DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofungwa, na usikubali kamwe kutiwa oili ya injini au ya haidroliki, kwa kuwa mpira wa breki huharibiwa na mafuta hayo na mfumo wote hulazimika kufunguliwa upya. Unapotoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, na mtu wa pili akanyage pedali polepole.

Kagua pia tairi kwa umri wake, hata kama kashata zinapendeza. Ubavuni pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivi kwamba 2315 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la umri huo lisitumike kwenye mwendo wa barabara kuu. Sasa lijaribu gari ndani ya boma, kwa gia ya kwanza, kisha kwenye barabara tulivu, ukitazama kama linavuta upande mmoja na kama ngoma au diski moja inapata joto kuliko mwenzake. Mteremko wa Sachangwan au wa Riat usiwe jaribio lako la kwanza.

Kutu na bodi

Hapa ndipo subira inapohitajika zaidi, na ndipo fedha nyingi hupotea kwa kufunika badala ya kutibu. Fila juu ya kutu hudumu msimu mmoja wa mvua. Kutu huendelea chini yake, rangi huvimba, na unarudi ulikoanza ukiwa na chuma kidogo kuliko mwanzo.

Fanya upande mmoja, na katika upande huo sehemu moja. Kizingiti cha kushoto kikikatwa, cha kulia kisiguswe. Acha milango ikiwa imefungwa mahali pake, upime nafasi kati ya mlango na bodi kabla ya kukata, na uipime tena baada ya kila mshono, kwa maana bodi isiyo na fremu hulegea ikipoteza kizingiti na unaweza kuichomelea ikiwa imepinda. Gari lisaidiwe kwa stendi karibu na magurudumu ili uzito wake ukae kama linavyokaa barabarani.

Kiraka kiwe cha chuma laini cha unene wa karibu milimita moja. Mabati ya paa ni membamba mno kwa kazi hii, na zinki iliyoyafunika hutoa moshi unaomletea mchomeleaji homa na kifua kuuma. Kuchomelea kwa umeme wa vijiti hutoboa bodi nyembamba, kwa hiyo mtafute fundi mwenye mashine ya waya na gesi, naye achomelee kwa nukta zilizoachana, akiruka kutoka mwisho huu hadi ule ili chuma kisipinde kwa joto. Kabla hajaanza, tenganisha betri na alternata, toa mazulia na viti vilivyo karibu, na mtu mmoja akae na kizimamoto upande ambao mchomeleaji haoni. Moto wa gari huanzia mara nyingi kwenye zulia lililo nyuma ya mshono.

Chuma kikishafungwa, sugua kutu iliyobaki, paka dawa yenye asidi ya fosfori, kisha praima ya epoksi, na uzibe mishono. Ndani ya vizingiti nyunyiza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na vizingiti yaachwe wazi daima, kwa kuwa fundi wa rangi mwenye haraka huyaziba, na baada ya mvua za Aprili mlango hugeuka tangi. Fila itumike mwisho kabisa, kwa kulainisha tu, isizidi milimita tatu.

Rangi yenyewe isubiri mpaka umeme na miguu ya gari (springi, bushi na usukani) imalizike, nitakayoigusia hapa chini. Ukifika wakati huo, chagua kati ya NC, rangi ya selulosi ambayo fundi yeyote wa jua kali anaimudu na inayorekebishika kwa urahisi, na 2K, rangi inayochanganywa na kigumishi, ambayo ni ngumu na hung'aa muda mrefu. Kigumishi cha 2K kina aisosayaneti inayoharibu mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii chochote, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe kwenye chumba cha rangi na mtu mwenye vifaa kamili. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Kwa Kisumu, ambako mvua hushuka alasiri, paka asubuhi mara umande unapokauka, kwani NC ikipakwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi huota ukungu mweupe. Rangi ya zamani isuguliwe kwa msasa wa maji, kwa sababu rangi za miaka hiyo zaweza kuwa na risasi.

Umeme, miguu na ndani

Hitilafu nyingi za umeme katika gari la umri huu ni za athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Fungua kila mahali waya wa athi unaposhika bodi, sugua mpaka chuma king'ae, funga tena na upake grisi. Fyuzi zibadilishwe zote, na waya uliowekwa badala ya fyuzi utolewe siku hiyohiyo.

Kwa miguu, badilisha bushi zote za mbele kwa mara moja, pamoja na mipira ya usukani iliyolegea, na upime wilialaimenti baadaye. Fahamu kwamba 504 si moja: saluni nyingi zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, wakati stesheni wagoni ina ekseli nzima yenye springi nne za koili na pikapu ina springi za majani. Taja aina yako kabla ya kuagiza chochote.

Spea za injini hupatikana kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu injini ya sentimita za ujazo 1,971 ilitumika pia kwenye Peugeot 505. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi bado ni mahali pa kuanzia, na Kibuye mjini Kisumu hupatikana vitu vya chuma ambavyo duka halina. Nenda na kipande cha zamani mkononi, na ukilinganishe na kipya kwa kipimo. Vitu vya bodi, hasa vioo vya taa, nakshi na mipira ya milango, ndivyo adimu. Ukiviona vinunue hata kama hatua yake haijafika.

Viti mpelekee fundi wa kushona baada ya rangi kukauka kabisa, wala si kabla.

Kilomita za mwanzo

Lipeleke gari likaguliwe rasmi, lipate bima, kisha lianze safari fupi. Kutoka Nakuru, Njoro ni mwendo mzuri wa kwanza kwa kuwa si mbali na msaada ni rahisi kuufikia. Molo ije baadaye kwa sababu ya kupanda, na Kisumu ije baada ya hapo. Ikiwa hedi ilifunguliwa, fuata kitabu kuhusu kukaza upya boliti zake baada ya injini kupata joto na kupoa kabisa, kisha upime tena nafasi za vali. Badilisha oili na chujio baada ya kilomita 500 za mwanzo, uikate chujio ya zamani na utafute vipande vya chuma ndani. Kaza upya nati za magurudumu baada ya kilomita 50, na tazama chini ya gari kila asubuhi kwa wiki za kwanza, ukiweka karatasi nyeupe sakafuni ili ujue tone limetoka wapi na ni la mafuta gani. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na kuleti vilevile, iwe gari limetembea au limekaa.